Fundi wa Ruiru Anayefundisha Baiskeli za Mbio Kuketi

Jua halijapanda juu ya mibuni ya Ruiru, na tayari tupa ya Jeconia Odera inalia. Anasugua ncha ya chuma, anaipuliza, anaipima kwa kidole gumba, kisha anaisugua tena. Mbele yake imesimama baiskeli yenye mwili mwembamba kama wa swala, na juu ya gurudumu lake la nyuma limekaa sanduku la mikate pana kama mlango wa banda la kuku.

Leo hapokei kazi. Akimaliza kukaza nati za sanduku hilo atanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, atavaa koti lake la kanisani, na ataipanda baiskeli hiyo mpaka Thika. Huko atasimama mbele ya karani wa ofisi ya kazi na kuapa neno ambalo wiki iliyopita yeye mwenyewe alikuwa halijui: kwamba Ndung'u wa Gichuru si mtu mmoja.

"Nisipoeleweka, kijana anarudishwa rizavu," anasema bila kuinua kichwa. "Nikieleweka, atauza mkate. Na shida, bwana, ni kwamba mimi mwenyewe sijui kama nimeelewa."

Kijana anayetajwa ameketi ndani, mbali na mlango, anakunywa uji aliopewa na Aoko, mke wa fundi. Ana kibali cha siku moja tu mfukoni. Kila buti linalopita nje linamfanya ashushe bakuli.

Jeconia ni mtu wa Yala. Alikuja huku baada ya vita vya Hitler, akafanya kazi katika karakana ya shamba la katani upande wa Thika, akafunga na kufungua mashine mpaka mikono yake ikajua chuma kama vile mkamuaji anavyojua chuchu. Shamba lilipopunguza watu akahamia Ruiru na boksi moja la spana, akaomba pembe ya kibaraza cha duka la nguo, karibu na stesheni, na chumba cha kulala nyuma yake. Yuko hapo mpaka leo.

Mafundi wa baiskeli ni wengi tangu Gitothua mpaka mtoni Chania. Kuziba pancha hata mtoto anaweza. Kazi ya Jeconia ni nyingine. Yeye huchukua baiskeli za mbio zilizochoka, zile ambazo vijana wa Kizungu wa Nairobi huziacha wanapopanda meli kwenda kwao, akazigeuza ziwe za kubeba watu na mizigo yao mjini. Watu wa Ruiru huziita baiskeli za kuinama, kwa sababu usukani wake umepinda chini kama pembe za kondoo dume na mpandaji lazima ainame kama anayetafuta sindano iliyopotea.

"Baiskeli ya kuinama ni mnyama aliyefunzwa kukimbia tu," anaeleza. "Mimi naifundisha kuketi."

Kuifundisha si kazi ya kukaza nati na kwenda zako. Tairi za mbio ni nyembamba, hubandikwa kwenye rimu kwa gundi, na mwiba mmoja wa njia ya Mwiki huzimaliza. Tairi nene nayo haiingii, kwa maana vyuma vya baiskeli hiyo vimebanana. Kwa hiyo Jeconia hutia magurudumu madogo kidogo, nafasi ikapatikana ya tairi nene na madigadi ya kukinga matope. Hapo breki hazifiki tena kwenye rimu, naye huzifulia mikono mirefu zaidi. Usukani huugeuza juu chini, pembe zikatazama mbinguni, mpandaji akakaa wima kama mtu mwenye heshima zake.

Kazi nzima ni shilingi ishirini, pamoja na keria, kile kibebeo cha nyuma. Mwezi mzuri huleta kazi tatu za namna hiyo. Mwezi mbaya, anasema Aoko, huleta watu wa kuomba pampu.

Wapo wanaocheka. Wasomi wetu fulani wenye tai hupita hapo wakisema kwamba kugeuza chombo cha mbio kuwa punda ni uhuni. Mteja mmoja, mchuuzi wa maziwa, aliwajibu kwa kuandika ubeti kwenye mpira wa kuzuia matope nyuma ya baiskeli yake, nao wote wanaomfuata njiani hulazimika kusoma:

*Upepo tulishindana, leo nabeba chakula;*
*Aliyenicheka jana, leo kwangu amekula.*

Jeconia ana sharti moja, na hukubali kupoteza kazi kuliko kulivunja. Haikati wala haifungi baiskeli mpaka auone mzigo wake. Mwenye maziwa alete mkebe. Mwenye mke amlete mke. Bedan, fundi cherehani wa sokoni, alikataa kumleta mama mkwe wake kwa sababu ya haya, akapewa keria fupi. Mama mkwe alianguka mbele ya kanisa zima, na Bedan bado anazunguka soko akiwakwepa mashemeji.

Sharti hilo ndilo lililomwingiza Jeconia katika fumbo la wiki iliyopita.

Siku ya Jumanne aliingia Kitheka, utingo wa lori la mchanga, Mkamba wa maneno mengi na meno machache. Aliishusha baiskeli ya kuinama, rangi ya samawati, nzima kabisa.

"Fundi, hii ni ya Ndung'u wa Gichuru wa Thika," alisema. "Anataka iketi. Jumatatu mwoka mikate anamwajiri kupeleka mikate majumbani, lakini mtu aje na baiskeli yake mwenyewe. Akikosa Jumatatu, kazi inaenda kwa mwingine. Na akikosa kazi, unajua."

Jeconia alijua. Hali ya Hatari inaingia mwaka wake wa tano, na kila mtu wa njia hii anajua kwamba Mkikuyu asiye na kazi mjini hana ruhusa ya kuwa mjini. Hupakiwa kwenye lori na kurudishwa rizavu, ardhi iliyotengewa kabila lake, kama gunia lililopelekwa duka lisilo lake. Ndiyo maana Ndung'u hakuja mwenyewe: kutoka Thika mpaka Ruiru angehitaji kibali, na kibali hutolewa kwa mwenye kazi.

"Mzigo uko wapi?" Jeconia aliuliza.

"Sanduku linagongwa misumari. Nitalileta Ijumaa."

"Basi nitaanza mbele. Nyuma itangoja."

Jioni hiyo aling'oa pembe, akabandua tairi nyembamba.

Alhamisi akaja Nekoye. Huyu ni mama wa Kibukusu anayemenya mananasi katika kiwanda cha Thika, na dada yake ameolewa Ruiru. Alisimama mbele ya baiskeli akashika kiuno.

"We Jeconia! Nani amekuambia uzing'oe hizi pembe?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe gani? Mimi nimetumwa na mwenyewe! Ndung'u wa Gichuru anasema umtilie mafuta kwenye mnyororo, basi. Jumapili ni mbio za wafanyakazi, na yeye anakimbia. Anasema usiiguse hata kwa macho."

Jeconia aliweka spana chini. Mtu aliyekuwa akilia kwamba bila mkate atarudishwa rizavu, leo anataka mbio? Alimwuliza Nekoye mara mbili kama jina ni hilo hilo. Ni hilo hilo: Ndung'u, mtoto wa Gichuru, aliyezaliwa karibu na Gatundu.

"Labda amepata kazi nyingine," alisema Aoko.

"Labda amepata wazimu," alisema Jeconia. Lakini mteja ni mteja. Akarudisha pembe, akabandika tena tairi kwa gundi, akapaka mnyororo mafuta.

Ijumaa Kitheka akashuka na sanduku kichwani. Alipoiona baiskeli imeinama vilevile kama ilivyokuja, nusura aliangushe.

"Aiya! Fundi, wiki nzima ulikuwa unalala?"

"Nimeifanya, nimeifanyua!" Jeconia alifoka. "Huyo Ndung'u wako ana vichwa vingapi? Leo mkate, kesho mbio, kesho kutwa atataka niitie mabawa!"

Kwa bahati, au kwa balaa, Nekoye alikuwa bado kwa dada yake, akasikia kelele, akaja. Hapo kibaraza kikageuka baraza la wazee.

"Mimi nimeongea naye juzi kwa macho yangu," alisema Nekoye. "Mfupi, mweupe kidogo, ana pengo hapa mbele. Kazi anayo! Tuko naye kiwandani kila siku."

"Mfupi?" Kitheka alicheka kwa hasira. "Mama, Ndung'u wa Gichuru ni mrefu kama nguzo ya simu! Na kazi hana. Huyo wako ni nani?"

Jeconia aliitazama baiskeli, akawatazama hao wawili. Ile hofu ya kwamba mteja wake amerukwa na akili ikamtoka, ikaingia iliyo mbaya zaidi. Ikiwa watu wawili wasiofanana wanajiita jina moja na wanadai chombo kimoja, basi mmoja ni mwizi.

"Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote," anakiri. "Mtu anaweza kuokota kitu chako. Lakini kuokota jina lako, na la baba yako juu yake? Nilisema huyu ni jambazi mkubwa."

Aliifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo, akaingia chumbani kuchukua kofia yake. Alikuwa anakwenda kituo cha polisi.

Aoko ndiye aliyesimama mlangoni. Ni mwanamke mdogo wa umbo, lakini siku hiyo, mumewe anasema, mlango wote ulikuwa umejaa.

"Baba Apiyo, unakwenda kusema nini huko?"

"Kwamba kuna mwizi anayeitwa Ndung'u."

"Na wao watauliza yupi ni mwizi na yupi si mwizi? Watawachukua wote wawili, na baiskeli pia. Siku hizi polisi haulizi nani ameiba. Anauliza nani ni Mkikuyu."

"Yawa! Sasa nifanye nini?"

"Waite. Mwenye baiskeli aje mwenyewe, kama anaipenda."

Ujumbe ukatoka kwa midomo miwili: baiskeli haitoki mpaka mwenyewe asimame mbele ya fundi.

Jumamosi mchana akaja wa kwanza, mfupi, mwenye pengo, na kibali cha kiwanda kimekunjwa mfukoni. Kabla hajaketi akatokea wa pili kutoka upande wa mibuni, mrefu kama nguzo ya simu, suruali imelowa mpaka magotini. Huyu hakuwa na kibali. Alikuwa amepita mashambani tangu alfajiri.

Jeconia alishika spana yake kubwa. "Ndung'u wa Gichuru ni nani hapa?"

"Mimi," alisema mfupi.

"Mimi," alisema mrefu.

Fundi alingoja wapigane. Badala yake, mrefu alimshika mfupi mabega, wakatazamana muda mrefu, na mfupi akaanza kulia.

Ni ndugu. Baba yao, Gichuru, ana wake wawili, Nyawira na Ngendo. Kwa desturi ya Kikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume wa kila mke hupewa jina la baba wa mume. Babu alikuwa Ndung'u. Nyawira akamzaa Ndung'u, Ngendo naye akamzaa Ndung'u. Nyumbani hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa, kwa maana huitwa kwa mama zao: yule mrefu ni Ndung'u wa Nyawira, mfupi ni Ndung'u wa Ngendo. Lakini serikali haiandiki mama. Kwenye kipande cha kila mmoja, kile kitambulisho chenye alama ya kidole, limeandikwa jina la baba.

Baiskeli waliinunua pamoja mnadani, nusu kwa nusu, kabla watu hawajahamishwa na kukusanywa katika vijiji vipya. Nyumba ya Nyawira ikapelekwa kijiji kimoja, ya Ngendo kingine. Baiskeli ikabaki kwa rafiki wa yule mrefu, Kitheka, ambaye kwa kuwa ni Mkamba hakuna anayemwuliza kibali. Ndugu hao walikuwa hawajaonana tangu mavuno ya mwaka juzi.

"Sisi Wajaluo tukipata pacha, tunawatenganisha kwa jina," Aoko anasema, akimtazama binti yake, Apiyo, ambaye pacha wake Adongo anacheza ng'ambo ya barabara. "Hawa si pacha hata kidogo, na wanaunganishwa. Nimefikiri juu yake siku nzima, bado kichwa kinauma."

Siku hiyo ya Jumamosi haikuishia kwenye machozi. Wa Ngendo alikuwa ametangaza kiwanda kizima kwamba atashinda. Alikuwa amesikia tu njiani kwamba baiskeli ya samawati imeonekana kwa Jeconia; hakuwa na habari ya mkate wala ya Jumatatu.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza kaka yake kwa ukali.

"Ningekuambia kwa mdomo wa nani?"

Mfupi aliizunguka baiskeli, akabonyeza tairi, akashika zile pembe. Kisha akamwomba Jeconia aifungue mnyororo. Aliinama, akaondoka kwa kasi kuelekea stesheni, vumbi likainuka mpaka kuku wakakimbia, na watu waliokuwa wakinunua viazi wakasimama kumtazama. Jeconia anakiri kwamba kwa dakika hizo alidhani kijana harudi.

Alirudi akihema. Akashuka, akaegemeza baiskeli kwenye nguzo, akanyoosha mkono kuomba spana.

"Ngai! Inakimbia," alisema. Na kwa mkono wake mwenyewe akalegeza nati ya usukani.

Walifanya kazi watatu mpaka giza. Jumapili wa Ngendo alisimama kando ya njia, akatazama wengine wakishindana, akazomewa na wenzake wa kiwandani kama mtu aliyeogopa. Jumatatu wa Nyawira alifika kwa mwoka mikate akiwa wima juu ya baiskeli ya samawati, sanduku nyuma, shati limepigwa pasi.

Mwoka mikate aliipenda baiskeli, akampeleka kijana ofisini aandikishwe. Na hapo ndipo lile fumbo la kibaraza cha Ruiru lilipovaa kofia ya serikali.

"Ndung'u wa Gichuru?" alisema karani. "Jina hili lina kazi tayari, kiwanda cha mananasi. Unataka kula kwa midomo miwili?"

"Huyo ni ndugu yangu."

"Ndugu yako mwenye jina lako na baba yako. Kijana, unajua adhabu ya kutumia kipande cha mtu mwingine?"

"Tazama kidole changu, bwana. Linganisha."

"Vidole vinatazamwa Nairobi. Utapata jibu baada ya mwezi, ukiwa rizavu."

Mwoka mikate, ambaye mikate yake haiwezi kungoja mwezi, alimwombea kijana kibali cha siku moja, cha leo, akatoa muda mpaka kesho, Alhamisi. Baada ya hapo sanduku litapanda baiskeli ya mtu mwingine. Karani naye alisema neno moja la kushikwa: alete mtu anayewajua wote wawili, asiwe wa ukoo wao wala wa kabila lao.

Hebu wasomaji wapime jambo hili. Mtu ana kichwa chake, ana mama yake, ana urefu wa nguzo ya simu, na bado anatakiwa kuazima macho ya Mjaluo ili aonekane! Babu mmoja aliyelala kaburini anaheshimiwa na wajukuu wawili, na heshima hiyo inafanywa kosa.

Jeconia mwenyewe hawezi kukasirika vizuri. "Nitamlaumuje karani?" anauliza. "Mimi pia nilisema ni mwizi. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na Mama Apiyo mlangoni."

Mpango wa leo ni huu. Wa Nyawira ataketi kiti cha mbele katika lori la Kitheka. Jeconia atakwenda na baiskeli, ili karani aone sanduku, na aone kwamba mkate si hadithi. Wa Ngendo atatoka kiwandani wakati wa chakula, wakutane langoni, na wote waingie kwa pamoja. Sikuzote walipoingia mmoja mmoja, anasema fundi, ndipo watu walipowahesabu vibaya.

Mambo yakienda sawa, Jeconia angependa siku moja ahamishie boksi lake Thika, apate chumba cha kazi chenye mlango na kufuli, karibu na viwanda, ambako watu wa kuketisha baiskeli ni wengi. Lakini hilo analisema haraka haraka, kama mtu anayetaja harusi nyumba ikiwa na mgonjwa.

Wa Nyawira ametoka ndani, amesimama kando ya nguzo, anafungua na kufunga kifungo cha shati. "Fundi," anauliza, "karani akisema huelewi desturi yetu, utajibu nini?"

"Nitajibu kweli siielewi. Lakini niliwaona mmeshikana mabega."

Koti limevaliwa. Nati ya mwisho imekazwa, ikajaribiwa kwa kutikiswa mara kadhaa. Jeconia anakohoa, anasimama wima kama yuko mbele ya meza, anarudia maneno yake kwa sauti ya kanisani: "Bwana karani, huyu ni Ndung'u wa Gichuru. Na huyu hapa ni Ndung'u wa Gichuru. Na hawa si mtu mmoja."

Aoko anashika mdomo asicheke, anashindwa. "Baba Apiyo, ukisema hivyo mtafungwa wote watatu!"

Fundi anapandisha mguu juu ya baiskeli, anakaa wima, anajaribu breki.

"Na watufunge," anasema. "Lakini mlangoni mwa jela lazima watuhesabu. Hesabu ikifika watatu, watakuwa wamekubali kwamba Ndung'u ni wawili."